Sura ya Sita: Mtembezi na Shughuli Yake

Magari ya watalii hupita Kasese, magharibi mwa Uganda, vioo vikiwa vimefungwa. Mengine yanawahi tembo na simba wa hifadhi ya Queen Elizabeth, mengine yanakata kona kuelekea Nyakalengija au Kilembe, yakiwapeleka watu wanaotaka kusimama kwenye kilele cha Margherita katika milima ya Rwenzori, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari. Mji wenyewe hupewa muda wa kujaza mafuta na kununua maji. Bwera, ulio mbele zaidi kwenye mpaka wa Kongo, haupewi hata huo. Sura hii ni ya msomaji anayetaka kushuka garini.

Akishuka atakutana mara moja na tatizo ambalo asingekuwa nalo Ulaya. Miji mikuu ya kule imemzoea mzururaji. London ina vibao vya ramani kando ya njia, ina mabenchi, na kwenye vivuko vya barabara imeandikwa chini kwa herufi kubwa utazame upande gani, maana jiji linajua kuwa wengi wanaovuka pale ni wageni waliozoea magari ya upande mwingine. Mtu anaweza kusimama Trafalgar Square saa nzima akitazama watu, na asitokee wa kumuuliza anatafuta nini. Ajaribu hivyo sokoni Bwera. Atakuja kwanza kijana wa boda, halafu mama muuza nyanya, halafu mtu mmoja aliyevaa kiraia ambaye maswali yake yamepangika vizuri kuliko ya wale wawili.

Hawana ubaya. Ni kwamba hapa kila mguu una safari yake. Aliyebeba gunia anajulikana aendako, aliyebeba mtoto vilevile, hata mlevi anajulikana. Mtu mzima mwenye afya njema, mikono mitupu, anayetembea polepole huku macho yakizunguka, huyo hajulikani. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtembezi wa Kasese na Bwera ni mmoja, na mengine yote katika sura hii yanautegemea: nenda na shughuli. Iwe ndogo, lakini iwe ya kweli, na iwe ya kutembeza. Usijifanye una shughuli, maana watu wa sokoni hulijua hilo haraka. Tafuta kitu unachokihitaji hasa, kisha kiache kikuburute.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1902 Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, Apolo Kagwa, alikwenda London pamoja na katibu wake Ham Mukasa kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Sherehe ilipangwa tarehe 26 Juni. Siku mbili kabla yake mfalme akafanyiwa upasuaji wa tumbo, na kutawazwa kukasogezwa hadi tarehe 9 Agosti. Waganda wale wawili wakabaki na wiki sita za kungoja katika jiji lililokuwa kubwa kuliko yote duniani, wakapelekwa huku na huku kutazama. Mukasa aliandika kila alichoweza, na tafsiri ya Kiingereza ya maandishi yake ikachapishwa mwaka 1904. Ni kitabu cha mtu aliyetumwa. Anapima, anauliza vitu vinafanywaje, anawaza atakachowaambia wa nyumbani. Kabla yake, Amur bin Nasur wa Zanzibar alikuwa ameiona Berlin kwa sababu aliajiriwa kufundisha Kiswahili huko, na Selim bin Abakari akafika Urusi na Siberia akimtumikia Mjerumani. Habari za safari hiyo zimo katika mkusanyo wa Carl Velten uliotoka mwaka 1901. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekwenda kuzurura. Mimi naona hiyo ndiyo sababu maandishi yao bado yanasomeka, wakati shajara nyingi za watalii wa Kizungu wa zama zilezile zimejaa machweo.

Basi tuanze Kasese, na tuanze mapema, kabla ya saa nne asubuhi. Mji umekaa kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, na jua lake halina huruma hata siku ambazo kilele cha Rwenzori kimefunikwa na mawingu, yaani siku nyingi. Mahali pa kuanzia ni stesheni ya reli, ingawa treni haiji tena. Reli ilifika hapa mwaka 1956 kutoka Kampala, mwendo wa zaidi ya kilomita 300, na haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ilifuata shaba ya Kilembe. Madini yalichimbwa bonde la juu, yakapakiwa hapa, yakasafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa miaka miwili kabla. Mji wote uliota kando ya njia hiyo. Uchimbaji ulikufa mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya bei ya shaba kuanguka na uchumi wa Uganda kuvurugwa na utawala wa Idi Amin. Treni nazo zikakoma miaka ya 1990. Watu hawakuondoka. Leo manispaa ina zaidi ya watu 100,000, na asiyejua historia hiyo atashangaa mji mkubwa hivi unafanya nini mahali pakavu namna hii.

Shughuli ya Kasese naipendekeza hii: tafuta mzee aliyefanya kazi mgodini, umpelekee salamu au sukari. Hatakosekana mtu wa kukuelekeza, na maelekezo yatakupandisha barabara ya Kilembe, kando ya mto Nyamwamba. Nenda kwa miguu kadiri uwezavyo. Ni zaidi ya kilomita kumi na ni mwinuko, kwa hiyo hakuna aibu kupanda boda nusu ya njia. Utakachokiona kwanza ni mawe. Mawe makubwa kama vibanda yametapakaa bondeni, mbali na mto, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angeyaweka. Yaliletwa na maji. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulifurika ukasomba nyumba, madaraja na watu. Mei 2020 ukarudi tena, na hospitali ya Kilembe ikalazimika kuhamisha wagonjwa wake. Nyumba za wachimbaji bado zipo, zimepangwa kwa mistari na ngazi za kampuni, za mabosi juu na za vibarua chini. Mzee wako atakuonyesha alikokuwa akiishi, na atakuambia nani alikaa nyumba gani bila kuulizwa.

Ukirudi mjini utapita karibu na ikulu ya Omusinga, yaani mfalme, wa Rwenzururu. Simu ibaki mfukoni. Isaya Mukirane na wenzake walitangaza kujitenga kwa Rwenzururu mwaka 1962, wakiukataa utawala wa ufalme wa Toro. Serikali iliutambua ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009. Na Novemba 2016 majeshi ya serikali yaliivamia ikulu, wakafa watu zaidi ya 100. Si mahali pa kupigia picha za likizo.

Kwenda Bwera, panda gari la abiria. Hapa huitwa taksi hata likiwa gari dogo la viti vitano, na viti vitano maana yake ni watu wanane. Barabara inashuka kusini hadi Kikorongo, pale ile ya Mbarara na ile ya Mpondwe zinapoachana, na mstari wa ikweta unakatiza karibu na hapo. Tembo wakivuka, dereva huzima redio. Baada ya hapo utapita Kinyamaseke, vilima vya Rwenzori vikiwa kuliani na tambarare ya Ziwa Edward kushotoni, na utaanza kuona pikipiki zinazobeba vitu ambavyo pikipiki haikutengenezewa: milango, magodoro, mbuzi watatu.

Chagua Jumanne au Ijumaa, siku za soko la Mpondwe. Siku nyingine Bwera ni mji wa kawaida wa barabarani, wenye maduka ya rangi, benki, vinyozi na hospitali. Siku ya soko, mji wote hadi Mpondwe na mto Lhubiriha huwa mwendo mmoja wa watu, na ng'ambo ya mto ni Kasindi, Kongo. Kutoka Uganda vinavuka dagaa, samaki wa chumvi, unga, sabuni, mabati, saruji ya Hima. Kutoka Kongo vinakuja mawese, mbao, kahawa, vitenge. Sijawahi kuona umati wa namna hii katika mji mdogo kiasi hiki, na nimetembea Kariakoo mkesha wa Idi.

Umati huu una kanuni zake, na asiyezijua hugongwa. Ya kwanza: mwenye mzigo ana haki ya njia. Mbebaji aliye na magunia mawili kichwani haoni miguu yake na hawezi kusimama, akiita “Njia! Njia!” usigeuke kumtazama, sogea. Ya pili ni faida ya hiyo ya kwanza. Ukitaka kusonga haraka, mfuate mbebaji huyohuyo kwa karibu. Anapasua umati, na wewe unapita kabla haujafunga. Ya tatu: usisimame katikati. Ukitaka kutazama kitu, ingia kwenye mdomo wa kibanda na umsalimu mwenyewe kwanza. “Wabukire” asubuhi, kwa Lhukonzo, itakufungulia mengi, na “wasingya” ya kushukuru itafungua yaliyobaki. Ukikosa hizo, Kiswahili kinatosha. Baraza la mawaziri la Uganda liliazimia mwaka 2022 kukifanya lugha rasmi na somo la lazima shuleni, lakini Bwera haikungoja azimio; hapa ndicho mwenye mbao wa Beni na mnunuzi wa Kampala wanachopatania bei. Ni Kiswahili cha Kongo, kimechanganyika na Kifaransa kwenye tarakimu. Msomaji wa pwani atacheka mara ya kwanza. Mara ya pili atagundua kwamba wao ndio wanaomcheka yeye.

Mimi nilikwenda na kipande cha kitambaa. Shangazi yangu ana gauni la kitenge analolipenda, limechanika kwapani, na akanipa ukanda wa kiganja kimoja: tafuta chenye maua haya haya, bluu hii hii, yadi sita. Siamini kama kuna tiketi ya makumbusho inayoweza kumpeleka mtu mbali kama ukanda ule. Mama wa kwanza aliuchukua, akauvuta, akautazama kwa nyuma, akatoa hukumu.

“Papa, hii ni ya zamani. Rangi imeingia mpaka nyuma. Ya sasa haiingii.”

“Nitaipata wapi, mama?”

“Nenda kwa yule mwenye mwavuli mwekundu. Mwambie nimekutuma mimi.”

Mwenye mwavuli mwekundu alinipa somo la pindo. Kitenge cha Vlisco, kampuni ya Helmond, Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846 na ambayo wanawake wa Kongo wamekuwa wateja wake kwa vizazi, kina maandishi pembeni, kwenye ukingo wa kitambaa. Vya kuiga kutoka China navyo vina maandishi pembeni, karibu yaleyale, na herufi moja imepinda. Alinionyesha vyote viwili kwa pamoja akaniuliza kipi ni kipi, nikakosea, wakacheka watu watano ambao sikujua walikuwa wakisikiliza. Alinipeleka kwa dada yake. Dada yake akaniambia kitambaa hicho kipo ng'ambo, Kasindi, lakini mwenyewe huvuka nacho siku za soko, nikae. Nikakaa. Nikapewa kiti, kisha bundu, ugali wa muhogo wa Wakonzo, na samaki wa ziwani. Hakuna aliyeniuliza ninatafuta nini, kwa sababu soko zima lilikwisha kujua.

Nikiwa kwenye kiti kile niliona zaidi kuliko nilivyoona nikitembea. Wabadili fedha wamekaa na meza ndogo, mabunda ya shilingi upande huu na faranga upande ule, na dola wanazipima kwa vidole. Noti yenye mkato mdogo pembeni hurudishwa, kwa sababu Kongo haitapokelewa. Watu wa pande zote mbili wanasalimiana kama ndugu, na ni ndugu kweli. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo wanasikilizana lugha, wanaoana, wanazikana. Waliowatenganisha walikuwa mbali na mto huu. Mwaka 1910 wajumbe wa Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani walikutana Brussels kugawana nchi ya Kivu na milima hii, na mwezi Mei wakakubaliana; mpaka ukafuata mto huu ukapanda hadi kilele cha Margherita. Mwezi Aprili mwaka huohuo Brussels ilikuwa imefungua maonyesho makubwa ya dunia. Jiji lilikuwa limefurika wageni waliokuja kutembea na kutazama. Nikiwawaza wale mabwana wakitoka kikaoni jioni kwenda kushangaa mabanda ya maonyesho, wino haujakauka, napata hasira ambayo akina mama wa vitenge hawana. Wao wanavuka tu.

Daraja lenyewe, ukiwa na hati kamili za kuvuka, ni la kutembelewa kwa sababu mbili ndogo. Uganda huendesha gari kushoto, Kongo kulia, kwa hiyo mahali fulani kati ya vizuizi viwili magari hubadilisha upande, na hakuna aliyeandika chini utazame wapi. Tazama kote. Sababu ya pili ni saa. Mashariki ya Kongo iko nyuma kwa saa moja: ukiondoka Mpondwe saa nne, unafika Kasindi saa tatu. Miadi yote ya hapa hutajwa pamoja na nchi yake. Nilimsikia mtu akimwahidi mwenzake kwa simu, “Saa nane ya Kongo,” na mwenzake akataka punguzo.

Maswali ya yule bwana wa kiraia nayo yana historia, na mtembezi anayeyaona kuwa usumbufu hajui yuko wapi. Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka wakashambulia Mpondwe. Juni 2019 Ebola iliingia kutoka Kongo. Mgonjwa wa kwanza alipatikana hospitali ya Kagando na kutibiwa Bwera, na kwa muda mrefu kila aliyevuka daraja alinawa maji ya klorini na kupimwa joto la mwili. Januari 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi, watu wakiwa ibadani. Usiku wa tarehe 16 Juni mwaka huohuo, ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, wakachoma bweni na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Shule iko karibu na hapa unapokula samaki. Mji uliopitia hayo una haki ya kumuuliza mgeni jina lake na anakokwenda, na adabu ni kujibu kwa ukamilifu, kwa sauti ya kawaida, bila kutoa simu kumpiga picha yeye wala kizuizi chake. Mimi nilionyesha ukanda wa kitenge. Aliutazama akasema mke wake ana kama huo.

Kitambaa kilikuja saa tisa, saa tisa ya Uganda. Maua yaleyale, bluu iliyokoza kidogo. Tulipatana bei kwa shilingi, nikapewa chenji kwa faranga, nikarudi kwa mbadili fedha, naye akanichukulia cha juu. Kabla ya kuondoka nilipita tena kwa mama wa kwanza kumwonyesha. Akageuza nyuma, akavuta, akasema rangi hii haitadumu, lakini shangazi hatajua.

Magari ya kurudi Kasese siku ya soko huwa yamejaa mizigo kabla ya kujaa watu. Dereva wetu alikuwa akibishana na mwanamke mmoja kuhusu dumu la mawese lisilo na kifuniko. Akasema hapana, viti vyake ni vipya. Mwanamke akachana mfuko wa plastiki, akaufunga mdomo wa dumu kwa mpira wa baiskeli, akaligeuza juu chini mbele yetu sote. Halikuvuja. Abiria wakamwambia dereva ameshindwa.

“Sawa,” akasema, akanigeukia. “Mzee, wewe una miguu mirefu. Litakaa kwako.”

Nililishikilia hadi Kinyamaseke, mwenyewe aliposhuka.